Mota ya Feni na Mzee wa Maji

Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai upande wa Bumbuli, kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia yake. Umeme tuliufua wenyewe kwa maji ya mto. Kidhibiti cha mtambo kilishakufa na kipuri hakikuja, kwa hiyo maji yalipunguzwa kwa mkono na mzee mmoja wa kijiji cha Mgwashi, aliyeshinda bondeni peke yake akitazama mita ya volti.

Mota ya feni kubwa ya kukaushia chai ikaungua. Nikaisuka upya kwa waya niliotoa kwenye mota mbovu. Ikaungua tena. Nilipima, nikanusa, nikafungua kila swichi, nisione kitu. Waya mwingine haukupatikana hata Tanga, na majani ya wakulima yakaanza kuoza. Meneja alitaka sababu kwenye karatasi. Nikaandika: volti zilipanda kupita kiasi, mtunza maji alizembea. Mzee akaachishwa kazi bila hata kuulizwa.

Miezi kadhaa baadaye, tukihangaika na kikaushio kidogo, kengele ya mkutano ililia: mgeni wa chama amefika. Kwetu ilikuwa utovu wa adabu mgeni akute mashine zinanguruma, basi kila mtu akazima ya kwake papo hapo. Taa ya mlangoni ikawaka nyeupe, ikapasuka. Nikaganda. Mashine zote zimezimwa kwa mpigo, maji yanakuja kwa nguvu ile ile; volti zingeenda wapi kama si juu? Feni kubwa ndiyo pekee tuliyokuwa tukiiacha ikizunguka, kwa sababu ya chai iliyo motoni. Mara zote mbili iliungua siku ya mgeni, na mara zote mbili nilikuwa uwanjani napiga makofi.

Jumapili nikapanda Mgwashi. Nilimkuta mzee akipalilia maharage.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mota imepona?”

“Haijapona. Kosa halikuwa lako. Ni ile kengele.”

“Najua. Ikilia nilikuwa nakimbilia gurudumu la kufungia maji, siwahi. Ningemwambia nani kwamba mapokezi ya mgeni yanaunguza mota?”

“Nitamwandikia meneja upya.”

Ndipo aliponitazama. “Utaandika hivyo?”

Nilisema ndiyo, lakini sikuandika. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, nami niliogopa, sina neno jingine. Mzee tulimzika akiwa bado mzembe kwenye faili, kwa mwandiko wangu.