Nilivyompandishia bibi wa mchumba wangu zawadi ya jogoo, milimani Upareni

Wakuu wa jukwaa, salamu kwenu nyote. Naandika huu uzi nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama bado ni shughuli inayohitaji maandalizi.

Yaliyomo humu yamenikuta mimi mwenyewe, juzi tu, na chumvi sijaongeza. Mwenye shaka aje PM nimtumie picha ya magoti.

Nianze na historia fupi ili tusipotezane.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu ardhi imelala, kitu kirefu kuliko nyumba ni kichuguu. Huku wilaya ya Same nimeletwa na kazi, ni fundi umeme kwenye shamba moja la mkonge tambarare. Milima ya Upare nilikuwa naiona kila asubuhi nikipiga mswaki. Tulikuwa tunaheshimiana, kila mmoja kwake.

Kisha nikakutana na Nakijwa.

Nakijwa ni fundi cherehani pale Same mjini, Mpare wa milimani, upande wa Mamba kule kwa wakulima wa tangawizi. Nilimpelekea suruali aipunguze. Nikarudi aipunguze tena. Ilipofika mahali haivaliki ndipo akaniuliza, "Kaka, unataka nini hasa?"

Tukaelewana. Wazazi wake wakanipokea vizuri sana, ila wakaniambia jambo moja. Kwenye ukoo wao posa haipokelewi kabla bibi mzaa baba hajamwona mtu kwa macho yake.

Na bibi hashuki. Anakaa nyumba ya mwisho kabisa, ng'ambo ya msitu, juu kwenye mgongo wa mlima. Alishasema anayemtaka mjukuu wake atamfuata hukohuko kwa miguu. Akikukataa ndiyo basi, hakuna rufaa.

Kabla yangu kulikuwa na jamaa mmoja, ana gari, ana kazi ya ofisini, Kiingereza kinamtoka puani. Alipanda, akakaa na bibi muda wa kunywa chai, akashuka. Sasa hivi kaoa Korogwe.

Kwa hiyo nielewekeni. Wengine wanaiita hiking, mimi nilikuwa naenda kwenye usaili.

Nikajiandaa. Nikaangalia video za mtandaoni za watu wanaopanda milima ya Himalaya, wamevaa miwani ya theluji. Nikanunua zile fimbo za kukunja, kofia yenye kamba ya kidevuni, na begi la mgongoni kubwa, lile ambalo wageni wa Kilimanjaro huwa wanabebewa na wapagazi. Ndani niliweka maji, biskuti na shati la kubadilisha. Nafasi iliyobaki angeweza kulala mtu.

Wa kuniongoza alikuwa baba mdogo Elinami, mdogo wake na baba mkwe mtarajiwa, yaani bibi ndiye mama yake mzazi. Kazi yake ni kuwatembeza wageni wanaokuja kuona msitu. Nakijwa alibaki chini, maana bibi alitaka anione bila mtu wa kunikonyeza.

Baba mdogo alikuja amevaa gambuti, mkononi mwavuli, basi. Akanizunguka, akalitazama begi langu kwa muda.

"Begi zuri," akasema. "Lina nafasi."

Nikafurahi kweli. Nikajua nimeanza vizuri.

Bodaboda zikatupeleka mpaka barabara ilipokatia tamaa. Tukaanza kupanda katikati ya mashamba ya tangawizi na migomba. Hatukuwa tumefika mbali nikapapasa begi na moyo ukanilipuka. Kitenge cha bibi. Zawadi niliyoichagua na Nakijwa, niliiacha juu ya kitanda.

Wakuu, mnajua maana yake. Unaenda kuomba mke kwa bibi, mikono mitupu. Sikumwambia baba mdogo. Nikaamua Mungu atafanya njia.

Na kweli, nikaona kama amefanya.

Nyumba ya kwanza akatoka mama mmoja mtu mzima. Shikamoo, marahaba, habari za safari, za mkonge, za Shinyanga ambako hajawahi kufika. Akaongea na baba mdogo kwa Chasu, lugha ambayo mimi naishia kwenye salamu. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kuchua imefungwa kwenye gazeti, akaitumbukiza mwenyewe kwenye mfuko wa begi langu.

Nikaguswa. Nikasema huyu mama kaniona miguu akanihurumia. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana mama. Umenitazama kama mwanao."

Mama akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama bonde.

Nyumba ya pili mzee mmoja akanipa chane la ndizi mbivu. Nikamshukuru kwa hotuba fupi. Ya tatu, dada anaitwa Nanzia akaleta sweta jipya la kijani, limefumwa kwa mkono, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Hapo nusura machozi yanitoke. Nimekaa tambarare miaka yote hiyo, jirani yangu hajawahi kunipa hata kiberiti, na huku watu wasionijua wananifumia sweta.

Nyumba ya nne, Mama Upendo, akatoka na jogoo.

Jogoo mwekundu, mzito, amefungwa miguu, anatazama kwa dharau. Wakamwingiza kwenye begi, kichwa kikabaki nje nyuma ya sikio langu. Nikasema moyoni, asante Mungu, zawadi ya bibi hii hapa.

Msinicheke bado, twende polepole.

Baada ya hapo tukaingia msituni. Kuna baridi ya ukungu humo, mizizi inateleza, na njia inapanda kama ngazi iliyojengwa na mtu mwenye hasira. Fimbo zangu za kukunja zikaanza kujikunja zenyewe. Jogoo akawa anawika ndani ya sikio langu kila ninapotaka kupumzika.

"Baba mdogo, bado mbali?"

"Hapo tu."

Tukatembea sana.

"Baba mdogo, samahani, hapo tu ipi?"

"Hiyo tuliyosema."

Mwishowe magoti yakagoma. Baba mdogo akaniambia nikae kwenye gogo, yeye anaingia pembeni mara moja kuangalia mizinga yake ya nyuki.

Nikakaa. Nikatoa dawa ya kuchua, nikajipaka magotini kwa ukarimu, mpaka mapajani. Ilikuwa kali, inawasha mpaka macho. Nikala ndizi moja, tamu ajabu. Nikala nyingine. Baridi ikazidi nikatoa sweta nikalivaa, likanibana kidogo kifuani, nikasema si neno, zawadi haipimwi. Ndizi zikaisha bila mimi kuambiwa.

Baba mdogo alipotokea kwenye vichaka alisimama. Akatazama sweta, akatazama maganda, akavuta pumzi ya ile dawa.

"Umepata nafuu?"

"Sana, baba mdogo. Watu wenu wana upendo, sijapata kuona."

Akashikwa na kikohozi. Kikohozi kirefu, amegeukia mti, mabega yanaruka. Nikamwambia pole, hii baridi si nzuri. Akajibu kwa mkono kwamba twende.

Tukatokea juu.

Hapa niseme ukweli, hata kwa mtu aliyeteseka, kule juu ni kuzuri. Upepo unakupiga usoni, na chini kabisa unaona tambarare yote, mistari ya mkonge kama kitambaa kimepigwa cherehani, na upande wa pili nyika za Mkomazi. Nikatafuta paa la karakana yangu nikalikosa. Nikajiona mdogo, na nikamkumbuka Nakijwa, anasubiri huko chini bila kujua kitenge kiko kitandani.

Bibi alikuwa shambani kwake pembeni ya nyumba, mwembamba, mfupi, na jembe mkononi. Nikaenda, nikainama mpaka magoti yakalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akanitazama kuanzia viatu. Macho yakapanda taratibu yakafika kwenye sweta, yakakaa hapo. Kisha akanusa.

Nikaanza hotuba niliyokuwa naiandaa tangu nyumba ya nne. Nikasema mimi ni kijana wa Shinyanga, sina makuu, nimekuja kwa heshima, na sikutaka kuja mikono mitupu. Nikamtoa jogoo kwenye begi, nikamshika kwa mikono miwili. "Bibi, nimekuletea hii zawadi kutoka moyoni mwangu."

Bibi akapokea. Akamfungua kamba, akamweka chini.

Jogoo akajikung'uta. Hakuuliza njia. Akazunguka nyumba kwa mwendo wa mwenye mali, akaingia bandani, na majike yakaanza kelele kama watu wanaompokea baba katoka safari.

"Huyo ni wangu," bibi akasema. "Kuku wa Mama Upendo hawakuwa na jogoo, nikamwazimisha."

Wakuu, nilitamani niingie begini mahali alipotoka jogoo.

"Na hilo sweta ni langu. Uzi nilimpa Nanzia mwenyewe anifumie."

Nikaanza kulivua, likakwama kichwani. Nikiwa humo gizani nikamsikia anaendelea.

"Dawa ya miguu yangu naisikia kwa pua. Ndizi ziko wapi?"

Nikarudisha kichwa nje, sweta likabaki mwilini. Nikamwona kwa mawazo yule jamaa aliyeoa Korogwe, mbele yangu kabisa, na Nakijwa anapokea suruali za watu wengine.

"Nimezila, bibi."

"Zote?"

"Zote."

Baba mdogo alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka gambuti moja imemvuka. Ndipo kwa shida akanieleza. Kule mtu akionekana anapanda, anapewa vitu vya watu wa juu avifikishe. Hakuna anayesema neno, kila mtu anajua tangu anazaliwa. Na mimi nilikuwa nimewapitia na begi kubwa kuliko yote yaliyowahi kupita.

"Mbona hukuniambia, baba mdogo?"

"Nilipotoka kwenye mizinga ulikuwa umeshakula," akasema. "Ningekwambia, ungerudi chini."

Ni kweli, ningerudi.

Bibi yeye hakucheka. Akaniuliza, "Nani alikuambia ni vya kwako?"

"Hakuna, bibi. Nilidhani wananipenda."

Akageuza uso. Akainama kama anayeokota kitu shambani, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na alikaa hivyo kwa muda. Alipoinuka akapangusa macho na ncha ya khanga, akasema twende ndani tule makande.

Tulipokula akaniambia habari ya yule jamaa mwenye gari. Nyumba ya kwanza walimpa ile ile dawa ya kuchua. Akasema begi lake ni la kompyuta, halichanganywi na vitu. Akafika juu msafi, na zawadi nzuri ya dukani. Bibi akampa chai.

"Mgeni hatumbebeshi mzigo," akasema. "Wale waliokubebesha walishakuhesabu mtu wa nyumbani, mimi nikiwa bado sijakuona. Wewe umebeba vyote. Umebeba vibaya, lakini umebeba."

Nilitazama sahani yangu tu, na naomba ieleweke kwamba moshi wa jikoni kule ni mwingi.

Wakati wa kushuka akaniomba begi. Akalijaza mwenyewe, na safari hii alieleza kimoja kimoja akinitazama machoni kama mwalimu wa darasa la kwanza. Maharage ni ya Nanzia. Asali ni ya Mama Upendo. Mbegu za maboga ni za yule mama wa dawa. "Usile. Usipake. Usivae."

Mwisho akaweka chane la ndizi juu kabisa.

"Hizi je, bibi, ni za nani?"

"Hizo zako. Kula njiani."

Nikavua sweta nikamkunjia. Akalitazama lilivyotanuka kifuani, akanirudishia.

"Vaa, msituni kuna baridi. Utanirudishia siku ukileta posa."

Baba mdogo akasimama. Mimi nikabaki nimekaa, maana magoti yalikuwa hayajaambiwa.

Nimeshuka nimefikisha kila kitu kwa mwenyewe. Nakijwa alikuwa amenisubiri mlangoni kwa baba yake, akaliona lile sweta, akashika mdomo, hakuuliza nimefaulu au nimefeli. Kitenge keshakichukua kitandani, anasema tutakipandisha wote.

Nilichojifunza ni hiki: Upareni ukiwa unapanda na mtu akakupa kitu, uliza ni cha nani kabla hujatoa hotuba. Na begi kubwa ni tangazo.

Sasa uwanja ni wenu, nichekeni kwa zamu. Ila wenye uzoefu wa masweta naomba mtangulie: hili linanuka jogoo na dawa ya kuchua, limetanuka kifuani, na posa ni hivi karibuni. Nilifue na nini lisiharibike? Fundi cherehani niliyenaye amekataa kunisaidia, anasema mzigo ni wangu.