Bibi Juu ya Friji

Usiku ule Bibi alikuja akaketi juu ya friji yetu, miguu ikining'inia, amevaa sare ya kwaya tuliyomzika nayo. Sikuogopa. Nilichojiuliza ni amepandaje, maana akiwa hai hata kwenye bajaji tulikuwa tunamsukuma.

"Shikamoo Bibi."

Mdomo ukafunguka, ukajifunga. Sauti hakuna.

"Sauti umeisahau huko?"

Akanikata jicho. Jicho lilikuwa lilelile, kufa hakukulipunguza chochote.

Ngoja niseme kwanza kilichotokea mchana wake, msije mkadhani nilikula vibaya. Bibi, mama yake mama, alikuwa mwanamke pekee aliyeimba besi kwenye kwaya ya mtaa wetu. Kabla hajaugua tulirekodi wimbo mmoja sebuleni kwetu, kwenye kompyuta aliyoniachia mjomba: soprano, alto, tena, kila kundi na traki yake, yaani mstari wake kwenye kioo. Besi ikawa ya mwisho. Wazee wa besi walikuwa na mafua, kwa hiyo Bibi akaimba peke yake, akakataa kusimama, akavuta kiti hadi ubavuni mwa friji. Siku hiyohiyo barafu za ubuyu anazouza mama ziliyeyuka zote, sakafu ikalowa, nikasemwa mimi kwamba niliacha mlango wa friji wazi. Sikuuacha. Lakini nani anamsikiliza mtu wa kidato cha tatu?

Sasa Bibi hayupo, Jumamosi tunaweka msalaba kaburini, na mama ameomba kitu kimoja tu: wimbo ule upigwe pale. Nakala nyingine haipo. Fundi ni mimi.

Basi mchana ule nikausafisha. Ile programu ina ujanja mmoja mtamu: unaichagulia kipande chenye kelele tupu, inakisoma, halafu inaifuta kelele ya aina hiyo kwenye traki nzima. Kwenye traki ya Bibi, katikati ya beti mbili, nikasikia mmmmmm. Nikasema hii ni friji. Nikakichagua kipande hicho, nikabofya, nikajipigia makofi. Baada ya hapo nikakata kikohozi, nikapunguza sauti ya Mzee Lameki, tena wetu wa pekee, ambaye huimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Jioni mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mama yuko wapi humu?"

"Spika hizi ndogo, mama. Besi haitoki."

Hakubisha. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya, kwa sababu mama hubishia hata bei ya chumvi.

Nikaenda kulala, na Bibi akaja juu ya friji.

Anashuka. Mimi namfuata, na sebule si sebule tena, ni kanisa, na ndani yake mabenchi manne tu, marefu, yamepangwa moja juu ya jingine kama mistari ya kwenye kioo. Kwaya nzima imekaa, inaimba. Mwisho wa kila benchi kuna vitufe viwili vidogo, M na S, na kijiti cha kupandisha na kushusha sauti. Mwingine angepiga magoti. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye M ya masoprano.

Kimya. Midomo inaenda, mishipa ya shingo imewatoka, sauti hamna. Jamani! Nimekaa miaka na kwaya ile, kumbe kilichokuwa kinakosekana ni kitufe. Nikawarudisha, nikabonyeza S ya benchi la tena. Mabenchi mengine yote yakanyamaza, akabaki Mzee Lameki na kidole chake mlangoni. Nikaitoa haraka.

Nikageuka kumwangalia Bibi, nione kama anacheka. Hacheki. Amekaa benchi la nne, peke yake.

Nabonyeza S yake. Kanisa zima linazimika. Napandisha kijiti, napandisha mpaka juu kabisa, na kinachopanda ni ukimya wenyewe, unajaa masikioni kama maji. Wenzake wote juu ya vichwa vyao mawimbi ya sauti yana milima na mabonde. La kwake limelala, jembamba kama uzi. Nashusha macho kutoka kwenye ule uzi, naona, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna kitu Bibi amekishika mkononi tangu alipokuwa juu ya friji. Ni waya mweusi. Ananinyooshea kiganja. Ni plagi.

Naufuata waya. Unapita chini ya mabenchi, unapanda madhabahuni, na pale panaposimama mchungaji imesimama friji yetu. Naweka sikio. Hailii. Nafungua mlango, ndani giza, na barafu za ubuyu zinadondoka nyekundu, tone, tone, kwenye zulia la kanisa.

Siku ile ya kurekodi friji ilikuwa imezimwa. Aliichomoa yeye, ili isimharibie wimbo.

Sasa ile mmmmmm ilikuwa ya nani?

Bibi ananiangalia tu, kama alivyokuwa akiniangalia nikikosea hesabu ya kidole kimoja.

Mikononi mwangu kuna kompyuta, sijui imefikaje. Natafuta kitufe cha kutendua, kile cha kurudi hatua moja nyuma. Nabonyeza. Kikohozi kinarudi. Nabonyeza. Uzi unatikisika, unavimba, unakuwa kilima, na kutoka benchi la nne inakuja ile sauti, nzito, ya chini, inayoshika noti wakati wengine wanavuta pumzi. Mmmmmm. Sakafu inanitekenya nyayo.

Ningeacha hapo. Lakini kidole kilishanogewa, na nikajiuliza: nikiendelea je? Nikabonyeza. Maua yakaruka kutoka kaburini. Nikabonyeza, turubai la msiba likajikunja. Nikabonyeza, kitanda cha hospitali kikatoka mlangoni kinyumenyume, kitupu. Bibi amenona, Bibi anacheka, bado kidogo tu atakuwa jikoni anatutukana sote. Nikabonyeza tena, na lile wimbi lake likaanza kuliwa kutoka mwishoni, kilima kimoja, kilima kingine. Tulikuwa tumefika siku ya kurekodi. Tulikuwa tunaipita.

Mkono wake ukashika mkono wangu. Wa moto, wa kweli.

"Mume wangu," akasema, kama alivyoniita tangu nizaliwe. "Hapo hapo. Ukizidi, utanifuta mara ya pili."

Nikataka kumwuliza kama huko aliko kuna besi. Akanikata jicho.

"Mpe mama yako."

Nikaamka. Kumekucha, mama anafagia uwani. Kompyuta sikuwa nimeizima, kwa uvivu tu. Ningeizima, programu ingesahau hatua zote na kusingekuwa na pa kurudi. Nikaanza kutendua, polepole, nasikiliza baada ya kila hatua. Mapambo yangu yote ya jana yakaondoka. Mzee Lameki akarudi na mlango wake. Kikohozi kikarudi. Halafu, mmmmmm. Nikaondoa kidole kama nimegusa pasi. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena.

"Mama! Njoo."

Akaja na ufagio mkononi. Nikampigia traki moja, ya nne, peke yake. Sekunde hiyohiyo friji yetu ikaanza kunguruma, kama kawaida yake.

"Subiri," mama akasema.

Akaweka ufagio chini, akapita ubavuni mwa friji yenye barafu zake zote za kuuza, akainama, akachomoa plagi.

"Haya. Rudia."