Mahali pa Kukanyaga

Daktari aliposema mguu wa Mama utakatwa chini ya goti, mimi niliuliza choo kiko wapi. Ndicho nilichouliza, jamani. Mimi ambaye pale Mikumi, kwenye kibanda changu cha chakula, madereva wa malori wananiogopa kwa mdomo. Nikaenda chooni, nikarudi, nikakaa. Sikulia, sikubisha. Ndani nilikuwa kimya, na kimya chenyewe hata hakikunitisha.

Kidonda kilianza na kisiki cha muhindi shambani kwetu Vidunda. Mama akakificha, akakipaka majani yake, na kwa sababu ya sukari kikaoza. Daktari alisema tukichelewa sumu itapanda juu na tutampoteza. Mama mwenyewe akakubali, akatia dole gumba. Mwili ndio uliokataa. Kila kitanda cha magurudumu kilipokuja kumchukua, presha ilipanda, wakamrudisha wodini. Waliporudi naye mara ya pili, nesi wa zamu, msichana mpole tu, alinivuta pembeni.

"Dada, bibi anapenda nyimbo gani? Mwekee kwenye simu, na eafoni. Atachomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo atakuwa macho. Muziki unapunguza woga, na hata maumivu baadaye."

Nyimbo! Nikamwona kama anacheza. Lakini sikuwa na nguvu za kubishana, nikampigia wifi yangu kijijini. Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwa hiyo kwaya ilikusanyika siku hiyo hiyo, wakaimba kwa moyo wote, wifi akarekodi na kunitumia. Nikamvalisha Mama eafoni. Akasikiliza kidogo, uso ukabadilika, akachomoa moja.

"Mbona hizi ni za msibani?"

Kweli kabisa. Kwetu kwaya ya akina mama huwa inaimba nyumbani kwa marehemu mpaka jeneza linatoka, na walipoambiwa wamwimbie mwenyekiti wao aliye mahututi, sauti zilikwenda zenyewe kwenye nyimbo zile zile. Hakuna hata mmoja aliyestuka. Wala mimi, niliyezisikiliza zote kabla.

"Mmeshanizika?" Mama akauliza. Nesi akaja kupima presha, akanitazama. "Umemwekea nini bibi wa watu?"

Mchana ule Mama aliangalia huku na huku, kama mchungaji amejificha chini ya kitanda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nataka zile za ndani."

Za ndani ni nyimbo wanazofundishwa wali, wasichana waliovunja ungo, wakiwa wamefungiwa nyumbani na shangazi. Mwanaume hazisikii. Kanisani hazitajwi.

"Mama! Wewe mwenyekiti?"

"Mwenyekiti hakatwi mguu. Nakatwa mimi."

"Na mle ndani ni madaktari wanaume watupu."

"Si zitakuwa masikioni mwangu? Wao watazisikia wapi?"

Zilizorekodiwa hazipo, kwa hiyo ilibidi niimbe mwenyewe. Nikaenda nyuma ya jiko la ndugu wanaouguza wagonjwa, nikajifunika khanga kichwani, nikaimbia simu. Niliimba kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Mama mmoja wa kifugaji, aliyekuwa anampikia mumewe uji, alinitazama, akacheka, akaweka mwiko chini na kuanza kunipigia makofi. Hakuelewa hata neno moja la lugha yetu. Makofi yake yakaingia kwenye rekodi na nikayaacha.

Kesho yake nilimvalisha eafoni, presha ikakaa sawa. "Bibi ametulia kabisa," nesi alisema, wakamsukuma mpaka ndani. Mimi nikakaa kwenye benchi na kandambili zake mapajani. Zote mbili. Nilizitazama, nikajua moja haina kazi tena, na sikuhisi kitu.

Mara nikasikia Mama anaimba. Mtu aliyeziba masikio hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Yale maneno, ambayo shangazi alituapisha tusiyatamke hata mbele ya kaka zetu, yalikuwa yanapita mlangoni kwa mapana yake. Nashukuru Mungu wale madaktari hawakuwa watu wa kwetu. Nesi akatoa kichwa.

"Daktari anauliza, huo ni wimbo wa kanisani kwenu?"

"Mwambie ndiyo."

Upasuaji ukaisha salama. Siku zilizofuata nilimwosha, nikamlisha, nikafua mashuka, nikajibu simu za ndugu. Wodini walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Maumivu yalipomzidi, Mama alipewa dawa, kisha akaomba simu. Alisema maumivu yapo, ila wimbo unayasogeza pembeni kidogo apate kupumua.

Asubuhi moja, nikiwa nimekaa kitandani kwake, alinipa eafoni moja. "Sikiliza unavyoimba vibaya." Tukasikiliza pamoja. Nilisikia sauti yangu kavu na makofi ya yule mama. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilipokuwa narekodi hakikunijia hata kidogo. Wimbo ule una mahali pa kukanyaga. Mwali akitolewa ndani, wimbo ukifika hapo, wanawake wote wanainua mguu wa kulia na kuushusha kwa nguvu, na shangazi anaangalia nani amekosea. Mguu wa kulia.

Nilitaka kuizima simu. Mkono haukuwahi.

Mama alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipofika pale, shuka upande wa kulia, pale mguu ulipoishia, likainuka kidogo, likashuka. Godoro halikutoa sauti. Akafumbua macho, akanitazama kama mtoto anayesubiri kusahihishwa.

"Nimekanyaga?"

"Umekanyaga, Mama."

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti kubwa, bila aibu, kamasi na vyote, mpaka yule mama wa kifugaji akaja mbio mlangoni kuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," Mama akamjibu, mkono wake mgongoni kwangu. "Mwache alie. Amechelewa tu."