Kipande cha Kibuyu Kwenye Mkeka wa Mwenzangu

Jikoni kwa mjukuu wangu, hapa Goma, kuna karatasi imebandikwa ukutani. Yeye na mke wake wameandika majina yao siku kwa siku: nani anapika, nani anaosha vyombo. Jumatatu mume anapika, mke anaosha. Jumanne wanageuza. Siku ya kwanza kuiona nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawaambia, jamani, mwanaume wa Nyabiondo na sufuria! Wazee wangefufuka kuja kuangalia. Mke wa mjukuu wangu naye akacheka, kisha akaniita Koko, yaani bibi, akanieleza kwa upole: "Koko, njo hivi hatugombani. Kila muntu anajua siku yake." Hapo kicheko kilinikatika. Nikatoka nje nikakaa kwenye kiti changu, na walipokuja kuuliza ninalia nini, nikasema ni moshi. Moshi gani, na wao wanapikia umeme?

Basi wewe nitakuambia. Nimefika umri wa kusema mabaya yangu. Mazuri nimeshayarudia hata watu wamechoka kuyasikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wametukalia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, labda kumi na miwili, na wazazi wangu walinitoa Nyabiondo wakanipeleka misioni kujitayarisha kwa ubatizo. Siku zile hukubatizwa hivi hivi. Uliacha kwenu, ukaenda kukaa karibu na kanisa miezi kadhaa, unajifunza sala asubuhi na kulima shamba la misioni mchana. Wasichana tulilala katika vijumba vya udongo nyuma ya nyumba ya katekista, wanne wanne, na kila kijumba kilijipikia chenyewe.

Katika kijumba chetu tulikuwa mimi, wasichana wawili wa Nyamitaba waliokuwa mtu na binamu yake, na mmoja aliyetoka mbali kabisa, Walikale, msituni. Baba yake alikuwa mbeba mizigo wa mapadri, na alitembea naye siku nne kumleta kwetu, kwa sababu alisikia misioni yetu ina masista wanaofundisha wasichana. Alifika miguu imevimba, kichwani amebeba chupa ya mafuta ya mawese na uyoga mkavu uliofungwa katika majani. Jina lake lilikuwa refu, la kikwao, na sisi wa milimani lilituchekesha. Tulikuwa tunalikata katikati tunaliita vibaya makusudi, naye anaitika tu.

Ee, lakini kulikuwa na utamu pale, nisikudanganye. Mpaka leo nikifunga macho naona ukungu umelala bondeni asubuhi, ng'ombe wanalia ng'ambo, na sisi wanne tumezunguka moto tukingoja viazi vitamu viive. Maharagi tuliyapika jioni, kwa sababu yanachukua muda, tukayapasha asubuhi pamoja na bugali. Yule wa Walikale alipopika, aliweka mafuta yake ya mawese, na maharagi yakawa mekundu, yananukia mpaka kijumba cha jirani. Tulimwita mtu wa pori, halafu tukaramba vidole. Ndivyo tulivyokuwa.

Kazi za jikoni tuligawiwa na mke wa katekista, mama mmoja mnene, mkali, asiyependa kelele. Alisema anayepika haoshi, na aliyepika ndiye anayekwangua ukoko wa bugali akaula, hiyo ni haki yake. Kupika hakuna aliyekukimbia. Kuosha ndiyo ilikuwa shida. Kijito kilikuwa chini, mteremko mkali, na maji ya milima yetu ya Masisi asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa. Unasugua masizi kwa majivu na mchanga, unakwangua ndani kwa kipande cha kibuyu, unapanda tena na vyungu kichwani, unaviinamisha kwenye kichanja, na yote hayo kabla ya kengele ya mafundisho. Kengele ikikukuta njiani, katekista amefunga mlango. Unasimama nje, kwenye ukungu au mvua, unasikiliza kupitia ukuta.

Ili tusigombane, yule mama alitupa utaratibu. Mikeka yetu ilipangwa kutoka mlangoni hadi ukutani: wangu wa kwanza, kisha wale wawili, na wa mwisho, kwenye pembe yenye unyevu, wa mwenzetu wa Walikale. Kile kipande cha kibuyu kililala miguuni kwa mtu ambaye zamu yake ni kesho. Ukishaosha, jioni unakipitisha kwa anayekufuata. Wa ukutani akimaliza, kinarudi kwangu mlangoni. Hapakuwa na cha kuandika wala cha kubishana. Uliamka, ukatazama miguuni pako, ukajua.

Ilikuwa haki kabisa, nami ndiye niliyeiharibu.

Mimi niliamka kabla ya wengine, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kwenda kuomba kaa la moto kwa mke wa katekista. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba isiyo na mwisho. Nikatazama, nikaona kipande kiko miguuni pangu, kimeletwa jana yake na yule wa ukutani. Nikafikiria kile kijito. Tena siku ile tulikuwa tunajifunza Nasadiki, sala ndefu, na mimi niliogopa sana kuikosa, maana nyumbani walishaanza kunenepesha mbuzi wa sikukuu yangu. Wee, nilisimama pale muda mfupi sana. Nikakichukua, nikapita wenzangu kwa vidole vya miguu, nikakiweka kwenye mkeka wa ukutani. Halafu nikaenda kuchukua moto kama mtoto mwema.

Alipoamka akakiona. Akakiokota, akakigeuza, akatutazama. Nikamwambia haraka, kabla hajafungua kinywa, "Jana ulisahau kukipitisha." Yeye alikuwa akijifunza Kiswahili bado, alitafuta maneno, akayaacha. Akachukua vyungu akatelemka. Siku ile alisimama nje wakati wa Nasadiki, na mimi ndani niliimeza yote, neno kwa neno.

Ningefanya mara moja nikakoma, leo labda ningekuwa nacheka. Lakini kitu kilikuwa rahisi mno. Baada ya siku chache nilifanya tena. Mmoja wa wale wa Nyamitaba aliniona, nikadhani nimekwisha. Akatabasamu tu, akavuta blanketi. Kumbe alikuwa amejifunza, kwa sababu zamu yake ilipofika, naye akakisukuma hadi ukutani, na binamu yake akamfuata. Hatukukaa kupanga. Hatukuliongelea hata mara moja. Ikafika juma ambalo yule mtoto aliosha siku tano kati ya sita, na sisi watatu tulikaa karibu na moto tunarudia sala.

Katekista, tuliyemwita Papa, yaani baba, hakuwa mtu mbaya. Siku moja alimwuliza mbele yetu sote, "Weye, sababu gani unachelewa kila siku? Unalala sana?"

Akajibu, "Muto iko mbali, Papa."

Ni hivyo tu alivyosema. Katekista akamwambia mto uko mbali kwa wote, na darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kwa sauti. Bado naisikia sauti yangu.

Siku ya mtihani padri alikaa kwenye kiti chake kando ya altare, tukapita mmoja mmoja. Mimi aliniuliza amri ya saba. Nikaitoa mbio, "Usiibe," na ndevu zake zikacheka. Sitaki kuongeza kitu hapo. Yule wa Walikale alipopita, aliulizwa Nasadiki. Alianza vizuri. Alipofika katikati akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Alijua mwanzo na mwisho. Katikati palikuwa na maneno yaliyofanana na yale tuliyofundishwa lakini hayakuwa yenyewe, kama mtu aliyesikia kupitia ukuta. Padri akasema kwa upole kwamba angoje kundi la mwaka unaofuata. Msichana akasema, "Ndiyo, Padri," akarudi kukaa.

Hakuna mtu aliyeweza kumwambia baba yake. Walikale ilikuwa siku nne kwa miguu, na yule mzee alishaondoka nyumbani. Alifika siku moja kabla ya ubatizo, amelowa matope hadi magotini, amebeba kikapu cha nyama iliyokaushwa kwa moshi na, ndani ya majani makavu, kitambaa cheupe cha nguo ya binti yake. Katekista alimpeleka pembeni akamweleza. Nilikuwa nachota maji, niliwaona. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua kikapu akampa mke wa katekista, akasema, "Hii ilikuwa ya sikukuu. Basi batoto bengine bakule."

Tukaila. Wewe unayenisikiliza, tuliila. Asubuhi nilimwagiwa maji, nikapewa jina jipya, nikavaa nyeupe. Wazazi wangu walikuja na mbuzi wao, watu wakaimba, na ile nyama ya msituni ilipikwa na sombe, majani ya muhogo, katika chungu chetu. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba yake alikaa nasi akala kidogo, akatupongeza kila mmoja, akanishika kichwa akaniambia, "Mungu akulinde, mwanangu."

Baada ya chakula nilirudi kijumbani. Kipande cha kibuyu kilikuwa miguuni pa mkeka wangu. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kweli, na mama yangu alikuwapo, watu walikuwapo, hapakuwa na namna ya kukisukuma. Nikakichukua, nikaanza kukusanya vyungu vilivyojaa mafuta. Yule mwenzangu akaingia. Akaviondoa mikononi mwangu, polepole.

"Acha," akasema. "Utachafula nguo ya ubatizo."

Nikamwambia leo ni zamu yangu.

"Najua. Hata zile zingine nilijua. Kila asubui nilikuwa macho, nilikuwa naona mukono yako."

Nikamwuliza, kwa nini hakusema?

"Miye niko mugeni hapa," akasema. "Ninyi muko batatu. Ningesema, mungesema niko mugomvi, bangenirudisha kwetu mbele ya ubatizo." Akajitwika vyungu. "Sasa narudi kwetu ile ile, bila ubatizo."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana, afadhali. Akatelemka kijitoni na mimi nikabaki mlangoni, nguo yangu safi, mikono yangu safi. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kuvua lile gauni, au kwenda kwa katekista palepale, mzee akiwa bado amekaa uwanjani, nikasema: Papa, ni sisi. Walikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Nilisikia mama yangu ananiita nikasalimie wageni, nikaenda.

Kesho yake alfajiri waliondoka, baba mbele, binti nyuma, na kile kitambaa cheupe hakijakatwa. Vyungu vilikuwa kwenye kichanja, vimeinamishwa, vinang'aa. Kundi la mwaka uliofuata lilipokuja niliuliza kama kuna aliyetoka Walikale. Hakuna. Nilipokuwa mama niliuliza wachuuzi wa mafuta, baadaye madereva. Wote walisema msitu ni mkubwa, Mama.

Mwaka mmoja, kabla barabara hazijaharibika na vita, nilipita pale misioni. Vijumba vyetu havipo tena, pamepandwa mikaratusi. Kijito kimetiwa bomba, watoto wanachota juu kabisa, hakuna anayetelemka. Nilimtafuta mtu wa kumwonyesha, hapa palikuwa mlango, hapa mkeka wangu, pale ukuta. Hapakuwa na mtu anayejua habari ya mikeka. Wale binamu wawili wa Nyamitaba wameshatangulia, Mungu awapokee, na hatukuwahi kulizungumza hata tulipokuwa bibi wenye meno mawili. Ukungu tu ndio uko vilevile.

Juzi nilimwomba mjukuu wangu aandike jina langu kwenye karatasi yao, upande wa kuosha. Walicheka hao! Koko aoshe vyombo, majirani watasema nini? Mke wake akaninyang'anya sahani mkononi, kwa heshima zote, akanirudisha kitini. Basi sasa ninafanya kama zamani. Naamka wa kwanza, natembea kwa vidole vya miguu, naosha kile walichoacha jioni, kisha narudi kulala. Wao wanadhaniana. Mume anafikiri ni mke, mke anafikiri ni mume, na wanashukuriana mezani.

Halafu nasali. Padri alituambia siku ya ubatizo kwamba maji yameondoa dhambi zote, na katika mengine yote namwamini. Namwombea mwenzangu kila asubuhi, mikono yangu ikiwa bado imelowa. Sijui kama aliwahi kubatizwa, sijui wangemwita nani. Namwombea kwa lile jina refu la kwao, lote, bila kulikata.