Vitenge vya Marehemu Emiliana

Loisi ni mama yangu mdogo. Anapogoa zabibu za watu kule Miyuji, na mkasi ukiwa mkononi haongei na mtu. Tulipoanua tanga la mama yangu, Emiliana, wazee walimkabidhi vitenge vya marehemu avae, kama tunavyofanya kwetu.

Mama alikuwa na mawe kwenye figo, akavunjika nyonga, akawa anaburuta mguu mpaka akafa. Damu yake ilikutwa na kalsiamu nyingi mno.

Haikupita muda Loisi akavunjika kiganja, anakata tawi tu. Kisha ubavu, kwa kukohoa. Akapimwa. Kalsiamu ya kawaida. Akaambiwa damu safi, arudi nyumbani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Kavaa nguo, kavaa na mifupa," jirani yetu Paulina akasema. Loisi akawa anamsikia mama uani, anavyoburuta ule mguu. Sitabisha. Hata mimi nilisikia.

"Vitenge navirudisha kijijini Zuzu, kaburini kwake," Loisi akaniambia. "Hospitali wameshasema siumwi."

"Twende mara moja tu, mama mdogo. Kwa daktari wa homoni."

Daktari Edina akampa kwanza vitamini D, akamwita tena, akarudia vipimo vyote.

"Mama, una tezi ndogo shingoni zinakula mifupa," akasema. "Za dada yako zilimwaga kalsiamu mpaka ikaonekana. Yako imejificha. Na kujificha huko kuna aina mbili. Kuna watu kalsiamu yote iko sawa, homoni ya tezi hizo tu ndiyo iko juu. Wengine ukipima jumla iko sawa, ila ile inayotembea huru kwenye damu imepanda. Wewe ni wa hao. Kwa mifupa hii, bora tukupasue shingo, tuitoe tezi mbovu."

"Kwa hiyo ni dada."

"Inaweza kuwa ya ukoo. Hata huyu kijana apimwe."

"Si ndicho ninachosema siku zote," Loisi akajibu, akacheka kidogo. Akakiangalia kiganja chake. "Basi nipasueni. Nataka kushika mkasi."

Siku ya operesheni alikuja na kitenge cha mama, kile cha bluu. Mlangoni wakamwambia akivue.

"Shika," akaniambia. "Usijifunike nacho."

Nikakaa kwenye benchi nimekikunja mapajani. Kilikuwa bado na joto lake. Nyuma yangu mtu akapita kwenye korido, anaburuta mguu taratibu. Sikugeuka. Nilikuwa najipapasa shingo.