Ndolo Amejifunza Kupiga Kelele, Leseni Bado

Saa kumi na mbili asubuhi, mbuzi wa Ndolo Mwangangi wameacha kula. Wanamtazama mwenyewe, aliyejifunga kamba kiunoni, akaifunga na kwenye mgunga, halafu akaegemea nyuma kama mtu anayetaka kukalia hewa.

"Niko tayariii!" anapiga kelele. "Nashukaaa!"

Anarudi nyuma hatua mbili, basi. Boma lake hapa karibu na soko la Mbumbuni, wilayani Makueni, ni tambarare kama sahani.

"Sauti, Baba Mutindi!" mkewe, Kaluki, anaitikia kutoka jikoni bila kutoa kichwa. "Huko kanisani hawajakusikia!"

Ndolo, mwenye miaka thelathini na minane, si mwendawazimu, ingawa majirani walishamwita mchungaji aje amwombee. Mchungaji aliomba, akanywa chai, akaenda zake. Ndolo anatafuta leseni ya kushusha wageni kwa kamba kwenye mwamba wa Kavumbu, lile jiwe kubwa linaloonekana ukiwa sokoni. Wageni hao, wengi wao wanafunzi na vijana wa makanisa kutoka Nairobi, huja Jumamosi. Kwa sasa yeye huwabebea kamba tu, kwa shilingi themanini kwa siku. Mwenye leseni hupata mia tatu, tena yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kumshusha mtu.

Mafunzo hayakumshinda. Mafundo yalimsumbua kidogo, kwa sababu vidole vyake vilizoea kamba ya katani, na hizi za wageni zinateleza. Kofia ngumu bado inamwasha. Lakini kilichomwangusha ni mdomo.

Sheria inasema anayeshuka apaze sauti kila mara: yuko tayari, anashuka, amesimama, amefika. Aliye juu hamwoni. Asiposikia kitu, hajui kama mtu wake yuko salama.

Na Ndolo alilelewa na baba aliyevuna asali kwenye nyufa za mwamba huohuo. Huko mtu hafungui mdomo. Ukitaka kamba iongezwe, unaivuta mara moja. Ukitaka kupandishwa, unaivuta mara tatu.

"Mzee alituambia, ukiongea tu, nyuki wamejua mwizi yuko wapi," anasema.

Mtihani wa kwanza alishuka vizuri, kimya. Akaandikiwa ameanguka mtihani. Wa pili vilevile.

"Mimi niko juu naita, Ndolo! Ndolo, uko wapi?" anakumbuka mwalimu wake, Evanson Irungu, mtu wa Murang'a aliyehamia Makindu. "Naona tu kamba inavutwavutwa kama ya kuvua samaki. Nikamwambia, bwana, mimi si nyuki. Ongea na mimi!"

Kaluki hakushangaa. "Hata hapa nyumbani ni hivyo. Nikimuuliza kama chumvi imetosha, anasukuma sahani." Ndipo akaweka sheria yake: hakuna uji mpaka sauti ifike jikoni hata mlango ukiwa umefungwa.

Mtihani wa tatu ulikuwa mwezi uliopita. Mtahini alitoka Nairobi na viatu vyake vipya, akasimama juu ya mwamba pamoja na Irungu, aliyeshika kamba ya usalama. Ndolo akaanza. "Niko tayari!" Safi. "Nashuka!" Irungu nusura acheke kwa furaha.

Katikati ya mwamba, Ndolo akakuta ufa uliokuwa mtupu siku zote sasa umejaa nyuki, kundi jipya. Na hapo ndipo alipotakiwa kusema amesimama.

"Nikafikiri. Nikinyamaza, naanguka mara ya tatu, basi tena. Nikiongea, wananila. Nikasema, heri nyuki."

Akapaza sauti. Nayo, baada ya kuwapigia mbuzi kelele mwezi mzima, ilikuwa imekomaa.

Yeye aliganda kwenye jiwe kama mjusi, jinsi baba yake alivyomfundisha, akaumwa kidogo tu. Nyuki wengi walipanda juu. Mtahini alikimbia, kiatu kimoja kikabaki. Irungu hakukimbia.

"Ningeenda wapi? Kamba iko mkononi na mtu yuko chini," anasema. Nyuki walikuwa usoni, hakuweza kufungua mdomo. Akasikia kamba imevutwa mara moja. Akaongeza. Ikavutwa tena, akaongeza, mpaka Ndolo akagusa chini.

Uso wa Irungu ulivimba kama mkate. Lakini mtahini akasema mtihani haukumalizika, kwa hiyo hauhesabiwi. Atarudi baada ya mvua.

"Sikupita, sikuanguka," Ndolo anasema, akifungua kamba kiunoni kwa hasira. "Sasa mimi ni nini?"

Mpango anao. Nyuma ya nyumba kuna mwatu, mzinga wa gogo alioachiwa na baba yake, ameshaupaka nta ndani. Jumamosi yeye na Irungu watautundika kwenye mti chini ya Kavumbu, ili lile kundi lihamie humo kabla mtahini hajarudi.

Kaluki anamletea kikombe cha uji, lakini hakiachilii.

"Na wakikataa kuhama?"

Ndolo anaelekeza kidevu upande wa mwamba, kimya.

"Sikusikii, Baba Mutindi."

Ndolo anavuta pumzi. "Watahamaaa!"

Mbuzi wanainua vichwa. Kaluki anaachilia kikombe.