Nilimupa mukwe wangu heshima, serveri ikamufungia mulango

We ulishaona mama-mukwe anafungia mukwe wake mulango na kidole kimoja, na bado anajisifu kama iko na adabu? Kama haujaona, kuya unitazame. Kosa ni yangu, nasema mbele ya bantu bote.

Ni wakati vita ilirudia huku kwetu Fizi. Antene ya telefone ilichomwa, tukabakia na mashini moja ya serveri ya kupitisha ujumbe, mu nyumba yangu, hapa Baraka. Ilikuwa inaongea na antene moja ya kule juu Fizi-Centre. Mujukuu wangu Riziki njo alikuwa anaichunga. Mutoto wa binti yangu, kichwa yake ni moto, haikutoka kwangu.

Bantu bote bakiingia, internet inakuwa kama uji ya maji. Basi Riziki aliandika majina ya benye kuruhusiwa. Chini kabisa musitari moja: wengine wote, hapana.

"Koko, serveri inasoma toka juu," aliniambia mi bibi yake. "Ikifika pa 'wengine wote, hapana', inafunga. Haiangalie tena chini."

Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nasikia na masikio, kichwa ilikuwa mu sombe niliyokuwa napika.

Siku moja alienda kuoga, akaacha mashini wazi. Naangalia, naona nini? Jina ya mukwe wangu, baba ya Riziki, imekaa chini ya yangu, inanigusa kabisa. Mama-mukwe na mukwe kwenye mukeka moja! Kwetu hata njiani tunapishana mbali, macho chini. Pembeni ya jina kulikuwa mushale wa kushusha. Mi nikafinya. Nikafinya tena. Nikamushusha mupaka chini ya ule musitari wa mwisho. Nikasema: aah, sasa iko na pazia katikati yetu. Masomo sina, lakini adabu ninayo ya kuuzisha soko yote.

Riziki akarudi, akafinya pa kutafuta makosa. Mashini ikajibu hakuna kosa. Ni kweli, kila neno iliandikwa muzuri. Serveri haijue mambo ya bakwe.

Lakini ule mutoto hakuwa anaamini mashini peke yake.

"Koko, uliguza kitu?"

"Mi? Niguze nini? Najua hata kuiwasha?"

Akacheka, akaiacha vile.

Binti yangu, mama ya Riziki, alikuwa hapa Baraka anangojea neno ya bwana yake aliyekuwa Fizi: apande kule juu kwake ao asipande. Kesho yake asubui hakuna neno. Mi, mwenye akili ya familia, nikamwambia: "Mwanaume akinyamaza, mambo iko muzuri. Panda tu."

Akapanda na unga wake kichwani.

Kumbe bwana yake alikuwa anaandika toka usiku: "Usipande, barabara imeharibika, banapigana risasi." Anaandika, serveri inamukataza. Anaandika tena, inamukataza. Na heshima yake yote.

Bantu balimurudisha binti yangu wamemubeba. Risasi ilipita mu bega. Alipona, lakini ule mukono wa kuume hauinuke tena. Leo mi na huu uzee njo nalima shamba yake na yangu. Na mukwe? Oo, sasa ananiheshimu sana. Nikiwa Baraka, yeye anabakia kule mbali Mboko.

Bamama benzangu, kama haujui kitu usikiguze. Na kama uliguza, sema. Uongo yangu ilikuwa maneno kidogo tu, tazama ilikula mukono muzima.

Nilipomwambia Riziki ukweli, nilingojea anitukane. Hakunitukana. Alirudisha jina ya baba yake juu, karibu na yangu, akachukua telefone moja moja kujaribu kama inaingia. Kisha akanishika mukono.

"Koko, nakupenda. Na nakuahidi kitu moja: toka leo, kila mara utaniambia 'sikuguza', nitaanza kuangalia upya toka musitari wa kwanza."